Salamu za Shukrani

Sisi wazazi, pamoja na bibi, wajomba na shangazi wa binti yetu mwenye umri wa miaka 9, tunatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote mlioitikia ombi letu la mchango wa matibabu yake.

Wengi mliuliza ni maradhi gani, nasi wakati ule hatukuwa na jibu. Yalianza kwa kwikwi na kutapika wiki nzima, tukahangaika na tumbo. Kisha akawa anasogeza daftari mpaka puani, na asubuhi moja miguu ikakataa kumbeba. Ugonjwa huo ni neuromielitisi optika, au ugonjwa wa Devic, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeandika kuuhusu mwaka 1894. Kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na uti wa mgongo, na kingamwili, yaani protini ya kinga inayofanya shambulio hilo, inayokutwa katika damu ya wagonjwa wengi ilitambuliwa mwaka 2004. Tunaeleza haya kwa sababu yalisemwa mengi, hata kwamba mtoto amechezewa kishirikina, na maneno hayo yalimuumiza bibi yake kuliko gharama zote.

Tunawashukuru madaktari waliomtundikia dripu za stiroidi, dawa ya kutuliza shambulio la kinga, kwa siku 5 bila kungoja majibu yote ya vipimo. Wauguzi waliomfundisha mama yake kumgeuza kitandani asipate vidonda. Mwalimu wake wa darasa, aliyemwandikia masomo upya kwa kalamu nene nyeusi. Na kina mama wa chama cha kufa na kuzikana, ambao katiba yao haina fungu la wagonjwa lakini walifungua sanduku hivyo hivyo.

Jicho la kulia linaona vizuri, la kushoto linaona mwanga tu, na sasa anatembea kwa kushika ukuta. Kwa kuwa ugonjwa huu hurudi, na kila ukirudi huacha madhara, anaendelea na dawa za kushusha kinga. Fedha zilizobaki zitatumika kwa dawa hizo na nauli za kliniki, na daftari la michango liko kwa mjomba wake mkubwa, wazi kwa kila aliyechangia.

Dua ya shukrani itasomwa nyumbani kwetu Jumapili baada ya swala ya Alasiri. Mtakaofika, tunaomba mtoe salamu kwa sauti mkiwa mlangoni, kwani siku hizi anawatambua watu kwa sauti kwanza, naye hupenda kumtaja mgeni kabla hajaambiwa.