Sheria za kuku mjini zibandikwe tuzisome

Mhariri,

Nafuga kuku wa kienyeji 9 nyuma ya nyumba hapa Mbeya. Juzi jirani alinijia kulalamikia harufu, na alikuwa na haki: mvua ilikuwa imeloanisha maranda bandani. Niliyazoa yote siku hiyo hiyo, nikamwaga makavu. Lakini tulipoulizana banda linatakiwa kuwa umbali gani kutoka ukuta wa mwenzako, hakuna aliyejua.

Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 inazipa mamlaka za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Naomba zinazohusu mifugo zibandikwe kwenye ofisi za mitaa, kwa Kiswahili cha kawaida.

Kuku kuzurura mitaani sikubaliani nako kabisa. Wanachakura bustani za watu na kusambaziana mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Na chanjo yenyewe ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi 3! Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani tuchange tununue pamoja, tuchanje siku moja. Mimi na jirani yangu tumeshakubaliana kuanza Jumamosi.

Mfugaji, Mbeya