Mkisifia ekzosi, chapisheni na desibeli zake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu ekzosi mbadala za magari ya spoti nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimefika mwisho nikitafuta jambo ambalo halikuwemo. Mwandishi ametaja kipenyo cha kila bomba, aina ya chuma na nguvu za farasi zinazodaiwa kuongezeka. Desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, hakuzitaja. Hakusema kama bomba lina alama ya kuthibitishwa, wala kama ukilifunga utalazimika kugusa katalaiza, kile kikopo cha kusafisha moshi. Kwa mwenye gari linalotakiwa kupita ukaguzi, hayo ndiyo ya kuuliza kwanza.

Naandika kwa sababu yalinikuta. Gari langu lina injini ya lita 2 isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini. Fundi mmoja alinishauri tung'oe kila kitu, tufunge bomba nyoofu la inchi 3 kuanzia kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini, hadi nyuma, nami nikamwamini. Mlio ulikuwa mkubwa kweli. Lakini chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika gari likaacha kuvuta, nikawa nashusha gia kwenye vilima nilivyozoea kuvipanda bila shida. Wiki haikuisha, taa ya injini ikawaka na msimbo P0420, ambao kompyuta ya injini huutoa ikiona katalaiza haifanyi kazi ipasavyo. Kwenye ukaguzi nilikataliwa kwa sauti na kwa moshi siku hiyohiyo.

Kuhusu kuvuta, nimesikia mafundi wengi wakisema injini hupenda kubanwa kidogo huko nyuma. Hilo nadhani ndilo kosa linalozaa mengine. Injini haihitaji kubanwa. Inahitaji moshi utoke kwa mwendo mzuri. Silinda inapotema moshi, pigo la moshi huo likikimbia bombani huacha nyuma yake shinikizo dogo, na shinikizo hilo dogo husaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana mno, moshi hupungua mwendo, hupoa, na msaada ule hulegea. Ndiyo maana injini kama yangu hutoshwa na inchi 2.25 au 2.5. Inchi 3 huifaa zaidi yenye tabo na nguvu za farasi 300 na kuendelea, kwa kuwa tabo hupenda njia iliyo wazi baada yake.

Sasa katalaiza, na hapa naomba mnivumilie. Kile kikopo kina kauri yenye vitundu vingi vidogo vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, navyo hubadili kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kabla hazijafika puani mwa mtu. Sensa ya oksijeni ya pili imewekwa nyuma yake kuangalia kama inafanya kazi. Wapo wanaouza kijibomba cha kuisogeza sensa hiyo mbali na moshi ili kompyuta isione upungufu. Taa inaweza kuzimika, lakini kifaa cha mkaguzi huingizwa kwenye mdomo wa bomba, hakiulizi kompyuta. Ulaya, kwa magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni, injini ikiwa imepandishwa mizunguko, kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.2 na lambda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Bila katalaiza hufiki hapo. Wengine hufuta misimbo asubuhi ya ukaguzi. Lakini pale mkaguzi anaposoma kompyuta pia, huonyesha kwamba majaribio yake ya ndani hayajakamilika, na gari hurudishwa. Marekani, kuing'oa katalaiza kwenye gari la barabarani kunakatazwa na sheria ya shirikisho.

Kwa hiyo ushauri ambao ningetamani kuusoma kwenye makala yenu ni huu: badilisha kuanzia nyuma ya katalaiza, au sailensa ya mwisho peke yake, na sehemu ya mbele iache ilivyotoka kiwandani. Viungo vyote vipimwe kama vinavuja. Tundu dogo mbele ya sensa huingiza hewa na kuvuruga lambda, na unaweza kukataliwa ukiwa na katalaiza nzima kabisa.

Kuhusu sauti, kipimo cha gari likiwa limesimama hufanywa kwa maikrofoni iliyowekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa imeshikiliwa kwenye mizunguko iliyopangwa. California kikomo cha magari mengi madogo ni desibeli 95. Mtu akisikia amezidisha desibeli 3 huona ni kidogo, kumbe nishati ya sauti imekuwa maradufu. Tena sailensa nyingi za spoti hujazwa pamba ya kioo, na pamba hiyo huungua na kupeperuka kadiri miaka inavyopita. Bomba linalopita kwa tofauti ya desibeli 1 tu likiwa jipya huenda lisipite baadaye. Acheni nafasi. Na vile vizibo vya kupunguza sauti kwenye mdomo wa bomba vinavyofungwa kwa skrubu moja siku ya ukaguzi, Japani ilishavikataa kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Aprili 2010.

Baada ya kukataliwa nilirudisha katalaiza, nikafunga bomba la inchi 2.5 lenye alama ya uthibitisho, yaani herufi E ndani ya duara na namba yake, imegongwa kwenye chuma. Sauti ni nzito, ya chini, na jirani mwenye mtoto mchanga hajanigongea mlango tena. Gari linavuta tangu mizunguko 2,000. Lilipita mara ya kwanza.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila mtakapochambua ekzosi muweke mistari mitatu zaidi: desibeli zilizopimwa injini ikiwa ya moto, alama ya uthibitisho pamoja na aina ya gari iliyothibitishiwa, na mahali bomba linapoanzia. Vijana wengi hununua kwa kufuata kurasa zenu, na wengi wao hawana fedha ya kununua mara mbili.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi