Ngwe sio ya mpira tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila nikifungua kurasa za michezo nakuta "ngwe ya pili", "ngwe ya lala salama", wanasiasa nao wana ngwe zao za uongozi, sawa, sipingi, lakini vijana wa hapa mtaani nikiwaambia ngwe ni kipande cha shamba wanacheka! Jamani, sisi tuliolima vibarua tunaijua. Asubuhi mnyapara anakuja na fimbo, anahesabu hatua, anachomeka kijiti huku na kijiti kule, anakwambia hii ndo ngwe yako, ukimaliza unachukua hela yako unaenda zako. Sasa yule wetu alikuwa na miguu mirefu kama korongo, hatua zake kumi ni zangu kumi na tano, nalima mpaka jua linazama wakati wenzangu wa shamba la jirani washaoga. Ekari angalau inajulikana, hatua sabini kwa sabini, ila ngwe ilitegemea mpimaji kaamkaje. Na neno lenyewe nadhani linatokana na ugwe, yaani kamba, maana wengine walipimia kamba. Waandishi wenu siku moja waiandike na hiyo ya shambani.

Msomaji wenu, Morogoro