Mwenye sikoseli ya upande mmoja pia alale ndani ya neti

Mhariri, shemeji yangu hapa Likoni ana mimba ya miezi mitano, juzi kliniki kapewa vile vidonge vitatu vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, kavitia mkobani, eti yeye karithi sikoseli, ule ugonjwa wa damu, upande mmoja tu, yaani kwa mzazi mmoja, kwa hivyo malaria haimwezi, na neti kampa mamake afunikie vifaranga! Haya, mtafiti Anthony Allison aliandika tangu 1954 kuwa hali hiyo hukinga malaria kali, lakini ni ile kali jamani, vimelea bado vyaweza kuingia vikajificha kwenye kondo, mtoto akazaliwa na kilo pungufu. Na mumewe hajapimwa sikoseli, akiwa nayo ya upande mmoja pia basi kila mimba ni 1 kwa 4 mtoto airithi pande zote mbili awe mgonjwa kabisa. Wauguzi mbona hawakumweleza, wala kumsimamia avimeze palepale?

Msomaji wenu, Likoni, Mombasa