Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu yako mengi. Klabu yetu ilianza na wanachama wanne chini ya mwembe wa maktaba, na leo, bila kujisifu, tumo katika safu ya watafiti wa dunia wanaochunguza jeti. Jeti hizi si ndege, Mheshimiwa. Protoni, yaani chembe za kiini cha atomi, zinapogongana katika LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wenye mzingo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, kwaki au gluoni (chembe ndogo zaidi zilizomo ndani ya protoni) iliyochomolewa haiwezi kukaa peke yake, hivyo huzaa kundi la chembe zinazofyatuka pamoja kuelekea upande mmoja. Kundi hilo ndilo jeti.

Kazi hii haitulazimishi kwenda Geneva, kwa kuwa tangu mwaka 2014 CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya kilichoko huko chenye mtambo huo, imewaachia watu wote data za CMS, kigunduzi kinachorekodi migongano hiyo, zikiwemo za migongano ya mwaka 2010 yenye nishati ya elektronivolti trilioni 7. Kinachotakiwa ni kompyuta, na hapo ndipo penye risala yetu.

Shehena ya kwanza pekee ya data hizo ilikaribia terabaiti 27, yaani gigabaiti 27,000. Kompyuta mpakato ya klabu ina diski ya gigabaiti 500, na herufi A hubonyezwa kwa ncha ya kalamu. Mwezi uliopita tulikesha tukipakua faili moja, umeme ukakatika ikiwa imefika asilimia 91, tukaanza upya. Grafu yetu iliyobandikwa mlangoni imetokana na data chache mno, kiasi kwamba upande wa nishati kubwa, ambako jeti ni adimu, imebaki tupu.

Miaka miwili iliyopita mgeni rasmi aliyeketi hapo ulipo alituahidi seva kabla ya muhula kwisha, ila hakutaja muhula gani. Tulichanga, seremala akatengeneza meza, fundi akavuta soketi mbili. Meza ipo, na ndiyo iliyobeba chupa ya chai utakayokaribishwa punde. Mwaka jana ahadi ilirudiwa, na picha zilipigwa.

Kwa heshima kubwa tunaomba seva moja yenye diski za terabaiti 30 na betri ya kuihimili umeme unapokatika. Ikiwa vyote haviwezekani, tunaomba diski kwanza. Ankara kifani imeambatishwa nyuma ya risala hii, na chini yake tumeacha nafasi ya kuandika tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.