Pimeni kwanza udongo wa yadi ya betri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na madiwani wa Jiji la Tanga kabla hawajakaa kupitisha bajeti.

Mkutano wa mtaa ulitutangazia kwamba ile yadi iliyofungwa zamani, walikokuwa wakifufua betri za malori, patajengwa darasa la awali na kiwanja cha kuchezea watoto. Watu walipiga makofi, hata mimi. Tangu habari za bandari na bomba la mafuta la Chongoleani zianze, kiwanja cha umma kilicho wazi mjini kimekuwa adimu. Lakini nilipouliza ni fungu gani litalipia kupima udongo, nikajibiwa kuwa mchoro umeshapita. Nauliza udongo, najibiwa mchoro!

Nauliza kwa sababu nilifanya kazi pale. Betri iliyokufa ilipasuliwa kwa shoka, maji yake yakamwagwa nyuma ya banda, pleti zikang'olewa na kuyeyushwa kwenye karai juu ya mkaa. Tope jeusi lililobaki lilifukiwa papo hapo. Mwenye yadi ameshafariki na kampuni yake haipo. Nendeni mkaone chini ya mwembe: kuna kipande ambacho hata masika inyeshe vipi hakioti nyasi. Watoto hufukua vipande vya pleti na kuwauzia wavuvi wa Sahare, wakayeyushe chubwi za mishipi. Kisha wanaokota embe na kula, mikono ile ile.

Risasi, yaani ile metali ya kwenye pleti za betri, haiozi. Inakaa juu juu ya udongo, inapanda na vumbi, inaingia kinywani kwa vidole, na kwa mtoto inaharibu ubongo ambao bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Anayedhani natia chumvi avuke mpaka wa Horohoro, aende Mombasa akaulizie Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu watu wa kitongoji kile. Bi. Phyllis Omido akalishikia bango suala hilo, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Linganisheni na gharama ya kupeleka vifuko vya udongo maabara.

Mpwa wangu anayeishi Marekani amenieleza wanavyofanya kule. Shirika lao la mazingira, EPA, lina mpango wa maeneo ya namna hii tangu 1995, ukatungiwa sheria 2002. Halmashauri ya mji inaweza kuomba ruzuku ya kupima tu. Kusafisha kuna ruzuku yake nyingine. Mwaka 2021 Bunge lao liliuongezea mpango huo dola bilioni 1.5. Fedha za namna hiyo hatuna, na sizililii. Kilichonivutia ni awamu ya kwanza ya upimaji: mtaalamu hachimbi hata shimo moja. Anasoma hati za kiwanja, anatazama picha za zamani, anakaa na majirani na waliofanya kazi pale akiwauliza kipi kilimwagwa wapi. Sampuli zinakuja awamu ya pili, na zinachukuliwa pale palipotajwa, si kubahatisha kiwanja kizima. Sisi tuliofanya kazi yadi bado tupo wachache, na posho hatudai. Kahawa na kashata zinatosha.

Najua nitaambiwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mchafuzi alipe. Sawa, wetu yuko kaburini. Ndiyo maana fedha za kupima inabidi zitoke serikalini, la sivyo hazitoki popote. Na si yadi hii peke yake. Korogwe, na Vikuge kule Kibaha, dawa za kilimo zilizokwisha muda ziliondolewa maghalani, lakini wataalamu waliopima miaka kadhaa baadaye wakaikuta DDT, ile sumu ya kuulia wadudu, ingali udongoni. Ardhi inaweza kuonekana safi kwa macho na isiwe safi.

Wataalamu hawako mbali. Mlingano, hapo Muheza, kuna kituo cha utafiti wa udongo kilichoanza kama cha mkonge, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi za kanda. Fedha nazo sioni kama ni kisingizio katika mji ambao mamlaka yake ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024 na ikauzika kupita lengo.

Ombi langu: kwenye mapato ya ndani ya Jiji liwekwe fungu dogo la kudumu la kupima kila karakana, ghala la dawa au kituo cha mafuta cha zamani kabla eneo halijagawiwa kwa shule, zahanati au soko. Majibu yabandikwe ofisi ya mtaa, tuyasome wenyewe. Yadi yetu ianze.

Wakati hilo linasubiriwa, mtendaji azibe pengo la ukuta upande wa msikiti, maana ndiko watoto wanakopenyea wakitoka madrasa. Matofali yaliyobaki nilipojenga choo ninayo uani, aje ayachukue.

Fundi betri mstaafu,
Makorora, Tanga