Binamu, Simba hakuwa anajifanya

Binamu yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ulinicheka hadharani. Unakumbuka Desemba, barazani kwa nyanya, nilipomkuna mbwa Simba ubavuni, mguu wake wa nyuma ukaanza kupigapiga hewani bila kugusa hata manyoya? Ukasema mbwa yule mwigizaji, anataka aendelee kukunwa. Watoto wakaangua kicheko, nami nikakosa la kusema.

Sasa ninalo. Mguu ule haukuwa unangoja amri ya ubongo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kule Uingereza, mwanasayansi Charles Sherrington aliwachunguza mbwa waliokatwa uti wa mgongo (ule ugwe laini wa ndani, si mifupa), ubongo usiweze tena kuifikia miguu ya nyuma. Aliwatekenya kwa kijisindano chenye umeme, akakiita kiroboto cha umeme. Mguu ukakuna! Tena kwa mwendo wake wenyewe, kama mara 4 kwa sekunde, hata kiroboto kikitekenya upesi zaidi. Ukatili, najua. Siutetei.

Mwaka 1911 mtafiti mwingine, Thomas Graham Brown, akakata, kwa paka, hata neva zinazopeleka habari kutoka miguuni. Ugwe ukabaki peke yake, na bado misuli ikapokezana kukunja na kukunjua.

Umewaona mama na shangazi wakitwanga kinu kimoja. Mmoja akishusha mchi, mwenzake kauinua. Wakishusha pamoja, michi inagongana na matusi yanaanza. Ndivyo alivyowaza Brown: kundi la niuroni (seli za neva) za kukunja likiwa kazini hulinyamazisha la kukunjua, likichoka lile jingine hushika zamu. Ziko pia niuroni zinazovuka kutoka kushoto kwenda kulia, ili miguu miwili isiinuke pamoja. Mwaka 2013, watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliondoa aina moja ya hizo kwenye panya. Panya wakaacha kutembea, wakawa wanaruka kama sungura. Hapo nilishika kichwa.

Usiniambie basi ubongo hauna kazi. Ndio unaoamua kuanza, kusimama, kuongeza kasi, kukwepa shimo. Kuhesabu hatua umewaachia wa chini, huko kwenye ugwe.

Ukija Aprili mkune mwenyewe, nyuma kidogo ya bega, si tumboni. Kisha umwombe Simba radhi.